Kulinda Tangi la Tope Katika Baridi ya Masisi

Karibu kila kitabu utakachoshika kuhusu kusafisha majitaka bila hewa kimetokana na kazi ya nchi za joto. Tangi la majaribio la Cali, Kolombia, lilianza mwaka 1983 likipokea majitaka ya digrii 25 hivi. Lile la Kanpur, India, lilifuata mwaka 1989 kwenye tambarare za mto Ganges. Ukipanda na kitabu hicho hadi Nyamitaba, huko Masisi, ambako jua likitua kila mtu anatafuta koti, namba zake nyingi hazikufai tena. Kwenye miinuko ya Masisi tarajia majitaka ya digrii 16 hadi 20, na kwenye baridi hiyo viumbe wanaotengeneza methani huenda mwendo wa taratibu sana. Tangi litafanya kazi, lakini anayelilinda lazima aangalie mambo ambayo mwenzake wa Cali angeweza kuyapuuza.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe fundi uliyekabidhiwa, au utakayekabidhiwa, tangi la shule ya bweni, la kituo cha afya au la mtaa wenye vyoo vya maji. Sishughuliki na ujenzi. Nashughulika na kazi ya kila siku: nini upime, lini, na ufanye nini kipimo kikikataa.

Kabla ya hapo, hakikisha kwamba hilo ndilo tangi linalokufaa. Hata Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu ya Kaskazini, hauna mtandao wa mabomba ya majitaka, na vijijini watu wengi wanatumia vyoo vya shimo. Tope la choo cha shimo ni zito mno kwa tangi hili, litaliziba. Kama watu wako wana vyoo vya shimo, au wanajimwagia kopo moja la maji tu, angalia walivyofanya Wanyarwanda magerezani. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ilijenga matangi ya bayogesi ya kuba, yanayofukiwa ardhini, katika magereza kadhaa, likiwemo la Cyangugu ng'ambo ya Bukavu, na mwaka 2005 kazi hiyo ikapata tuzo ya Ashden. Matangi yale yanapokea kinyesi kizito na kukikalisha wiki kadhaa. Hayana mambo mengi na hayahitaji mtu wa kuyapima kila asubuhi. Kama hutapata mtu wa kupima, nakushauri ujenge hayo.

Linavyofanya kazi

Mafundi huliita UASB. Majitaka yanaingia chini na kupanda polepole katikati ya tope zito lililojaa bakteria. Juu kuna kofia inayotenganisha vitu vitatu: gesi inashika tiyo lake, maji yanamwagikia mferejini, na tope linarudi chini. Hakuna mota, hakuna feni. Gatze Lettinga wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, aliyelibuni na wenzake miaka ya 1970, hakutaka kulimiliki kwa hataza, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuenea kwake Amerika ya Kusini na India bila mtu kudaiwa chochote.

Kazi ya ndani si ngeni kwa watu wa Kivu. Ziwa lenu lina kilomita za ujazo 60 hivi za methani iliyoyeyuka kilindini, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni kazi ya viumbe wasiohitaji hewa. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda, unaivuta na kuzalisha megawati 26. Ndani ya tangi lako wapo jamaa zao. Kundi la kwanza linavunja uchafu na kutoa asidi, kundi la pili linakula asidi hizo na kutoa methani. La kwanza lina haraka na halichagui chakula. La pili ni la polepole na linachukia baridi, klorini na asidi inapozidi. Karibu kila shida utakayokutana nayo inatokana na kundi la pili kuachwa nyuma.

Maji yanayoingia

Anza na bati lililokatwa pembe ya V ya digrii 90, liweke kwenye mfereji kabla ya tangi, na mbele yake kidogo, upande maji yanakotokea, usimike rula. Maji yakipita kwa kimo cha sentimita 5 juu ya ncha ya V, ni mita za ujazo 2.8 kwa saa. Yakifika sentimita 10, usidhani yameongezeka mara mbili: ni karibu mita za ujazo 16. Kimo kikizidi maradufu, maji yanaongezeka zaidi ya mara tano. Kwa hiyo soma rula kwa makini, na usome asubuhi, watu wanapooga, kisha tena mvua inaponyesha.

Mvua ndiyo adui wa kwanza. Chukua mfano tutakaoutumia mpaka mwisho: watu 1,000, kila mmoja akitoa lita 60 kwa siku, na tangi la mita za ujazo 60 lenye kina cha mita 4.5. Maji yanakaa humo siku nzima. Siku ya kawaida yanapanda sentimita 20 hivi kwa saa, na tope halitikisiki. Sasa paa la bweni limeunganishwa kwenye tiyo la majitaka kwa sababu mtu aliona ni njia ya mkato. Mvua ya Masisi ikipiga, rula inasoma 10, maji yanapanda zaidi ya mita moja kwa saa, na tope ulilolilea miezi sita linatoka na kwenda bondeni ndani ya alasiri moja. Mvua kubwa ikishanyesha, zunguka na mwavuli ukague matiyo ya paa. Kipimo cha maabara hakitakuambia hilo.

Kipimajoto kiingie kwenye maji yenyewe kila asubuhi, saa moja. Andika kwenye kaye. Digrii moja haikutishi, ila ukiona wastani wa wiki umeshuka kutoka 19 hadi 17, kama inavyoweza kutokea katika usiku mkavu wa Juni mpaka Agosti, punguza matarajio yako ya gesi na uongeze ukaguzi wa tope.

Asidi: kipimo ambacho sitakusamehe ukikiacha

Watu wanapenda pH kwa sababu ni rahisi: unachovya kifaa, unasoma namba. Shida yake ni kuchelewa. Majitaka yana akiba ya alkali inayoinyamazisha asidi, na pH haitikisiki mpaka akiba hiyo iwe karibu kwisha. Unaweza kusoma 6.9 leo ukalala vizuri, na Ijumaa ukasoma 6.2 wakati kundi la pili limeshalemewa.

Unachotaka kujua ni akiba imebaki kiasi gani, na asidi imekula kiasi gani. Njia iliyoelezwa na Ripley na wenzake mwaka 1986 inahitaji bireti, kifaa cha pH kilichosahihishwa kwa maji ya 4 na ya 7, na asidi ya salfuriki ya nguvu ya 0.02 N ambayo duka la vifaa vya maabara linaweza kukutayarishia. Ukiizimua mwenyewe, asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji. Usifanye kinyume chake hata siku moja.

Chota maji yanayotoka kwenye tangi, chuja kwa kitambaa safi, pima mililita 100, na uanze mara moja. Ukiyaacha yakae, gesi inatoroka na kipimo kinaharibika. Dondosha asidi huku ukikoroga taratibu mpaka pH ifike 5.75. Andika mililita zilizotumika. Endelea mpaka 4.3, uandike zilizoongezeka. Sehemu ya kwanza ni akiba, sehemu ya pili inafuata asidi. Gawa ya pili kwa ya kwanza.

Tuseme umetumia mililita 22 kufika 5.75, kisha 6 zaidi kufika 4.3. Uwiano ni 0.27, na kila mililita moja ni miligramu 10 za alkali kwa lita, kwa hiyo akiba yako ni 220. Wiki inayofuata unatumia 20, kisha 9. Uwiano umeruka hadi 0.45, na pH bado ni 6.9. Hapo ndipo unapaswa kuamka. Vitabu vinasema usivuke 0.3, lakini usiikariri namba hiyo kama amri, maana ilitokana na matangi ya tope zito na si ya majitaka mepesi. Pima mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili tangi likiwa tulivu, ujue wastani wako mwenyewe. Uwiano ukipanda kwa nusu ya wastani huo, chukua hatua.

Hatua ya kwanza si dawa. Punguza maji yanayoingia yafike nusu, au uyafunge siku moja kama una mahali pa kuyaweka, kisha utafute nini kimemwagwa juu. Ukilazimika kuongeza alkali, tumia bikaboneti ya sodiamu, ile inayouzwa kama soda ya kuumulia mikate, kidogo kidogo. Chokaa ni rahisi kupatikana, lakini inameza gesi ya kaboni iliyoyeyuka, na ukizidisha, pH inaruka juu kwa ghafla. Fundi mwenye haraka huua tangi kwa chokaa upesi kuliko asidi ingeliua.

Kuhusu kinachomwagwa, Masisi ina mambo yake mawili. La kwanza ni jibini. Ukikamua jibini kutoka lita 100 za maziwa, unabaki na lita 90 hivi za maji yenye sukari ya maziwa, na maji hayo ni makali mara 50 au zaidi kuliko majitaka ya nyumbani. Kiasi hicho peke yake kina uchafu sawa na wa watu zaidi ya 70. Kiwanda kidogo cha lita 500 kwa siku kikimwaga kwenye tiyo lako, kitaongeza mzigo kwa zaidi ya theluthi, na sukari hiyo inageuka asidi ndani ya saa chache. Zungumza na mwenye kiwanda kabla hujazungumza na mwanasheria: nguruwe wanayanywa maji hayo vizuri.

La pili ni klorini. Kipindupindu hakijaiacha Kivu ya Kaskazini tangu kambi za wakimbizi za 1994, na Ebola ya 2018 hadi 2020 iliongeza ndoo za kunawa kila mlango. Klorini ya asilimia 0.05 ya mikono, ikiwa kidogo, inaishia njiani kwa kukutana na uchafu. Ya asilimia 2, inayotumika kwa kinyesi na matapishi ya wagonjwa, itaua kila kilicho hai kwenye tangi. Kituo cha afya kikifungua hema la kipindupindu, maji ya hema hilo yachimbiwe shimo lake. Wasiruhusu hata bidoni moja ielekezwe kwako, na wewe usiwaombe wapunguze klorini. Wao wanaokoa watu.

Tope ndilo mtaji

Mtu wa Cali anaweza kuhesabu saa ambazo maji yanakaa ndani na akaridhika. Wewe hesabu siku ambazo tope linakaa ndani. Kwenye baridi, mafuta na chembe za kinyesi haviyeyuki upesi, vinarundikana, na vikitolewa kabla ya wakati vinatoka na bakteria waliozaliwa kwa taabu. Maji yakiwa machache, kama ilivyo kwa watu wa lita 60, majitaka ni makali na tatizo linazidi. Digrii zikiwa 20 na kushuka, lenga tope likae siku 75 hadi 100.

Unalijuaje? Tangi zuri lina robine ubavuni kila nusu mita kutoka chini. Mara moja kwa wiki anza na ya juu kabisa ushuke. Fungua taratibu, mwaga lita ya kwanza maana ni ya jana, kisha jaza chupa angavu ya lita moja. Zipange chupa mezani kwa mstari, uziache nusu saa. Utaona picha ya tangi lako: chini nyeusi nzito kama lami, inayojaa chupa nzima, juu yake kijivujivu kinachotua hadi nusu, halafu ghafla maji yenye chembe chache. Mpaka kati ya hiyo ya pili na ya tatu ndio uso wa tope. Usiuache upande hadi karibu na kofia ya gesi. Ubaki na angalau mita moja ya nafasi.

Mara moja kwa mwezi peleka sampuli mahali penye tanuri, zikaushwe kwa digrii 105 na kupimwa. Tope la chini likiwa na gramu 40 kwa lita kwa wastani kwa kina cha mita mbili, tangi letu la mfano lina zaidi ya kilo 1,000 za tope kavu. Kila siku linazalisha kilo 12 hivi. Gawa: siku 89 hivi. Uko salama. Kama hesabu inakuletea siku 40, hata gesi ikiwa nyingi leo, unatoa tope mno au tangi limezidiwa na watu.

Unapotoa, usitoe la chini kabisa. Hilo ndilo zee, zito na lenye nguvu. Toa kutoka mita moja na nusu hivi, lile jepesi, kidogo kila wiki badala ya mkupuo mmoja wa mwezi. Robine ya sakafuni fungua kwa sekunde chache tu, kwa ajili ya mchanga.

Upande wa maji yanayotoka, nunua koni ya Imhoff. Jaza lita moja, subiri saa nzima, soma ncha. Chini ya mililita moja ni nzuri. Ikifika tatu au nne kwa siku kadhaa, tope linakukimbia, na jibu liko kwenye rula ya V au kwenye uso wa tope.

Gesi

Gesi ni habari ya mwisho kunisumbua, ingawa ndiyo wageni wanayoiuliza kwanza. Kwa watu 1,000 wa mfano wetu, tarajia methani ya mita za ujazo 10 hivi kwa siku. Jiko la wafanyakazi litapata, lakini usimwahidi mpishi wa maharagwe ya shule nzima. Sehemu ya methani huyeyuka kwenye maji na kutoka nayo, na maji ya baridi huyeyusha zaidi.

Tena, mita ya gesi huku juu haisemi sawa na ya Mombasa. Kwenye kimo cha mita 1,900 hivi hewa inakandamiza kwa sehemu nne kati ya tano za nguvu ya pwani, kwa hiyo gesi ileile inajaza nafasi kubwa zaidi. Kitabu kinasema gramu moja ya COD (kipimo cha uchafu) iliyovunjwa inatoa lita 0.35 za methani. Kwako, kwa digrii 20, mita itaonyesha 0.47. Asiyejua hili atajisifu bure kwa tangi linalofanya kazi robo tatu tu.

Gesi ikipungua ghafla, paka povu la sabuni kwenye viungo vya tiyo kabla hujalaumu bakteria. Ikinuka yai viza, ondoka ulipo, na kama harufu hiyo imekatika ghafla, ondoka kwa haraka zaidi: gesi hiyo ikizidi inaua pua kabla ya kuua mtu. Hakuna sababu ya kuingia ndani ya tangi au shimo lake, hata kama simu imeangukia humo. Methani ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa, cheche moja ya sigara inatosha.

Kinachotoka, na ukilazimika kuondoka

Maji yanayotoka yamepoteza nusu au zaidi kidogo ya uchafu wake. Vijidudu vya magonjwa vimepungua kidogo tu na naitrojeni imebaki karibu yote. Hayaingii mtoni. Yapite kwenye mabwawa au kitanda cha matete, na mboga zinazoliwa mbichi zisimwagiliwe nayo kabisa. Tope lililokaushwa lina mayai ya minyoo yaliyo hai. Nchi za joto zinalihifadhi mwaka mmoja, lakini pale joto la hewa lisipofika digrii 20, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla halijagusa shamba la viazi.

Na kwa kuwa ni Masisi, fikiria pia siku ambayo watu wote wataondoka. Tope hili linavumilia njaa: linaweza kukaa miezi mingi bila kulishwa na likafufuka. Kama una saa moja, ziba maji yanayoingia ili mvua isilisombe, fungua tiyo la gesi litoe juu kwenye hewa wazi mbali na paa, hakikisha tangi limejaa maji, na ubebe kaye. Ukirudi, kagua viungo na vizibo kwanza, maana chuma cha tiyo ni mali ya kuibwa. Panga chupa zako mezani uone tope limebaki kiasi gani. Anza na robo ya maji ya kawaida, pima asidi kila siku mbili, na usiongeze mpaka uwiano urudi kwenye wastani uliouandika kabla ya kuondoka.